Kucha Iliyoinama kwenye Pete ya Bingwa

Odília Furtado alipachika almasi kwenye pete za mabingwa wa michezo kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda kimoja pale Attleboro, Marekani. Alipostaafu, nyumba ya mnada ya Garabedian ikamchukua awe jicho lao. Wengine walihangaika na tindikali na mizani. Yeye aliigeuza pete mara mbili, akasema "feki," akarudi kwenye kahawa yake. Alikuwa na majivuno, tusifiche, na majivuno hayo ndiyo yaliyomponza.

Jumanne moja ya Februari akaja mzee Thurlow Baines, aliyecheza mpira wa Kimarekani enzi hizo na sasa anaburuta mguu. Hakuja kuuza. Alitaka karatasi yenye saini, iseme kwamba pete yake ya ubingwa ni ya kweli.

Odília akaiweka chini ya lenzi. Kwenye almasi ya tatu, mojawapo ya kucha za dhahabu zinazoshika jiwe ilikuwa imeinama kushoto. Aliiinamisha yeye mwenyewe, mwaka ule kiwanda kilipokimbizana na siku ya sherehe. Lakini alikwisha kuiona kucha hiyo miaka miwili iliyopita, kwenye pete nyingine yenye jina lilelile la Baines, na kwa kuitambua tu akaipitisha pete kwa saini yake bila kuipima. Nani angeiga kosa lake? Pete ikauzwa, gazeti likaandika.

Mkono wa binadamu haukosei mara mbili kwa namna moja. Basi pete moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Anayeiga pete kwa kumimina dhahabu kwenye umbo lake hunakili kila kitu, hata kosa la fundi, ila jambo moja humshinda: dhahabu ikipoa husinyaa, kama sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto. Nakala huwa ndogo kidogo.

Vipimo vya kiwandani alivijua kwa moyo. Akaupima uso wa pete mara tatu, huku akimwomba Bikira Maria wa Fátima iwe ndogo. Haikuwa ndogo.

Akaenda kwa bosi wake, Garabedian, akamweleza yote.

"Mama Odília, sema hii ndiyo feki," alisema Garabedian. "Nani atakubishia?"

"Mwenye pete."

"Saini yako ikianguka, pete zote ulizopitisha zinaanguka nayo. Na mimi naanguka. Yaliyopita si ndwele, mama."

"Ndwele ninayo mimi, bosi. Nimeishika hapa mkononi."

Akatoka na pete. Mzee Baines alikuwa amekaa, mkono usio na pete ameuficha kwenye koti.

"Mzee, hii pete imewahi kutoka mikononi mwako?"

"Wiki tatu, miaka mitatu iliyopita. Vidole vilivimba, nikampa sonara mmoja aipanue."

"Hapo ndipo walipoitolea nakala. Yako ni ya kweli. Feki ni ile iliyouzwa hapa, na niliyeipitisha ni mimi. Nisamehe, mzee wangu."

Mzee akaipokea pete, akaivaa.

"Mke wangu alilisoma lile gazeti," akasema. "Akaamini nimeuza pete kwa siri, nikavaa ya bandia kumdanganya. Nilibisha weee. Akasema, 'Thurlow, nimekusamehe, yaishe.' Mwishowe nikachoka. Nikamwambia asante."

"Umeshamwambia kwamba umekuja kuipima?"

"Tulimzika Novemba."

Odília akavuta kiti, akaandika karatasi: pete hii ni ya kweli, ile iliyouzwa ni feki, kosa ni langu. Akaitia saini, akijua kwamba kuanzia kesho hakuna atakayeitaka saini hiyo tena. Akamkabidhi mzee.

Mzee akaitazama, akamrudishia.

"Nisomee wewe," akasema. "Kwa sauti. Soma kama unamsomea yeye."

Odília akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye saini yake.