Buibui Niliyemchagua kwa Kumtazama Koku

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapahapa Karagwe, miaka ile baada ya vita, sabuni ilipokuwa kitu cha kupanga foleni. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuota. Pombe sinywi, mimi ni Mlutheri wa kwaya. Niamini au usiniamini, lakini nisikilize.

Nianze na Koku. Huyu alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Migomba yake na yangu ilipakana pale Ndama, na nyumba ya mama mkwe wetu ilikuwa katikati. Mimi ndiye niliyetangulia kuolewa. Mimi ndiye niliyemuuguza mama mkwe alipoteguka mguu. Lakini Koku alipoingia tu, mama mkwe akahamia kwake kwa chakula na kwa mazungumzo. Alikuwa akipita mlangoni kwangu na fimbo yake, anauliza, "Mmeamkaje hapa?" kisha anaendelea. Ndizi zangu zilikuwa zilezile, maharage yaleyale, hata chumvi tuliazimana. Wewe unajua uchungu wa kukaa jikoni kwako umenyamaza, huku unasikia kicheko nyumba ya pili? Nilikuwa na wivu. Siupambi jina jingine. Nilitaka mama mkwe aketi kwangu, acheke na mimi, aniite mwanangu mbele ya watu.

Sasa, Koku alikuwa anafuga buibui. Si hawa wembamba wa kwenye paa. Namsema yule wa shimoni, mwenye manyoya, mpana kama kiganja. Alimfukua akilima, akamweka kwenye chungu kibovu pembeni mwa jiko, akawa anamlisha panzi. Bibi zetu walikuwa na neno lao: mwanamke akifuga buibui wa shimoni, nyumba yake haikosi watu. Mimi kanisani nilisema huo ni ushenzi. Nikirudi nyumbani nachukua jembe, nazunguka kwenye mibuni natafuta mashimo. Nilipata nge, nikapata na panya. Buibui sikumpata.

Siku moja ya gulio nilikuwa natoka Kayanga na kapu langu kichwani, jua linazama. Pale njia inapochepuka kuingia Ndama nikamkuta mama mmoja ameketi juu ya majani makavu ya mgomba, na vikapu vyenye vifuniko mbele yake. Simjui. Nikamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Acha kufukua mashimo ya wenzako. Umetaka wa kwako, njoo uchague."

Nani alimwambia? Mume wangu mwenyewe hakujua lile jembe linafanya kazi gani. Mwenye akili angekimbia. Mimi nikatua kapu.

Akafunua kikapu cha kwanza. Humo alikuwamo wa kahawia, mnene, ametulia kama mtu aliyeshiba. "Huyu ndiye wa mtu anayeanza," akasema. "Ni jike, ataishi miaka. Mwendo wake mzito. Mpe udongo mkavu ajichimbie, maji kidogo kwenye kifuniko, na panzi akionekana ana njaa. Usimshikeshike, hajazaliwa kubebwa. Na ukimkuta amelala chali usimtupe ukidhani amekufa, anavua ngozi tu."

Kweli, alieleza vizuri, kama mtu anayekukabidhi mbuzi wake mwenyewe. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kikapu cha pili.

"Na wa Koku, yeye alikuwa wa namna gani?" nikauliza.

"Kama huyuhuyu. Mpole."

"Basi nipe anayemzidi."

Akafunika cha kwanza. Halafu akafunua kile kingine. Aliyekuwamo alikuwa mweusi, na mwanga ulipomgusa tu akainua miguu ya mbele, akaonyesha meno. "Huyu si wa kuanzia," akasema yule mama. "Huyu hata mimi namheshimu."

"Ndiye ninayemtaka."

Hapo akatoa tunda moja la kahawa. Kwetu kahawa ya kutafuna si mchezo. Mgeni akifika huwekewa atafune, na zamani watu wawili wakitaka undugu usiovunjika waligawana tunda moja, punje huyu, punje yule, kila mtu anataja jina lake. Nililelewa nikilijua hilo. Punje moja akaidondosha kikapuni, na Mungu ni shahidi yangu, buibui aliivuta kwa miguu akaifunika kwa tumbo. Ya pili akanipa mimi. "Tafuna, na utaje jina la mwenye nyumba atakayokaa. Jina tu, usiongeze neno."

Jina tu. Kuna jambo rahisi kuliko hilo? Lakini moyo wangu ulikuwa umejaa mtu mmoja. Nikatafuna, nikameza, nikasema, "Akae kwangu, amshinde Koku."

Yule mama akafunika kikapu. "Umeshataja."

"Hapana, mama, ngoja nirudie. Jina langu ni..."

"Kahawa ikishamezwa imemezwa. Nenda naye."

Hakutaka kitu chochote kwangu. Nilipofika kwenye kona nikageuka. Pale alipokuwa ameketi hapakuwa na mtu wala kikapu. Nikarudi hatua chache, ujinga wangu huo, nikaona shimo limezungushiwa utando mweupe mdomoni. Shimo lenyewe lingemeza mtungi mzima. Mbio nilizokimbia siku hiyo sijawahi kuzirudia.

Lakini buibui sikumwacha. Nilimweka kwenye chungu, na kesho yake asubuhi nani alibisha hodi? Mama mkwe. Akaketi kwenye mkeka wangu, akala akamaliza, akalamba na vidole. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha akanishika shavu akasema, "Koku mwanangu, leo umepika."

Nikasema ni uzee. Jirani alipokuja kuazima ungo akaniita Koku, nikasema amechanganya milango. Nyumba yangu ikawa haikosi watu kama walivyosema bibi zetu, na wote walikuwa wamekuja kwa Koku. Jioni moja mume wangu alitoka kunywa kahawa mnadani Ihanda, akasimama mlangoni, hakuingia. Akavua kofia. "Habari za hapa, shemeji? Mke wangu umemwona?" Alisema kwa heshima kabisa, mtu niliyezaa naye. Baadaye alipangusa macho akaingia, akacheka, akasema ni uchovu. Mimi sikucheka.

Na unajua kilichonikera zaidi? Koku mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi chini. "Basi dada, tutagawana jina," akasema. Alikuwa na roho hiyo, na hata hiyo nilimwonea wivu.

Nikachukua chungu nikamrudishe buibui. Ndani nikakuta ngozi tupu, na kila mguu na manyoya yake, imepasuka mgongoni. Mwenyewe hakuwamo. Tulihamisha vitanda, tukafukua sakafu, hatujamwona mpaka leo.

Miaka ikapita, mambo hayo yakija na kwenda. Kisha Koku akaugua, akafa, tukamzika kwenye migomba yake. Nililia kweli, usifikiri vingine. Mama mkwe alikuwa amezeeka, akahamia kwangu moja kwa moja, akalala chumba changu cha wageni, akala kwa mkono wangu. Si ndilo nililoliomba?

Kila jioni alichukua kijembe akaenda kupalilia kaburi. Siku moja nikamfuata, nikasikia anazungumza nalo. Alikuwa analiita kwa jina langu. Langu mimi, lile nililobatizwa.

"Ulikuwa mke mwema," alikuwa anasema. "Mguu wangu huu wewe ndiye uliyeuponya. Nilikuwa natamani kuingia kwako kila nilipopita, lakini ulinikunjia uso, nikadhani hunitaki. Nisamehe, mwanangu."

Nikapiga magoti pale kwenye udongo. "Mama, ni mimi. Sijafa. Niko hapa."

Akanipangusa machozi kwa kanga yake. "Nyamaza, Koku," akasema. "Najua mlipendana."

Alikufa bila kunijua. Shemeji yangu, mume wa Koku, hapiti njia ya mlango wangu, anasema hawezi kuvumilia kunitazama. Wageni wakija kumkumbuka marehemu, wengine hunisimulia wema wangu mimi nikiwa nimekaa mbele yao, nao hawajui.

Kwa hiyo wewe, kama umetamani buibui wako wa kwanza, au chochote kile ulichokiona kwa mwenzio, mchukue yule mpole. Usimuulize mtu yeyote buibui wa jirani yako ni wa namna gani. Na ukiulizwa nyumba ni ya nani, taja jina lako tu, unyamaze.