Redio ya Kiti cha Mbele

Ukiuliza mtaani pale nani ana mdomo kuliko wote, hakuna atakayejikuna kichwa. Redio. Mke wa Fundi Funguo, yule mwembamba anayepiga pasi kwa dobi mjini. Watakwambia huyo mama akipiga chafya anatoa taarifa ya habari na hali ya hewa. Watakwambia nzi akipita karibu na mdomo wake anapata ajali. Watu hawana dogo.

Lakini wanajua nini hao? Kaa hapa usikie kwa anayejua. Mwanamke yule alizaliwa kimya. Alipoolewa, mama mkwe alimchungulia jikoni siku mbili tatu, kisha akamvuta mwanawe pembeni: "Mwanangu, umeoa mke au umeoa kabati?" Alikuwa na uwezo wa kupiga pasi mashuka ya hoteli nzima, mvuke umemjaa usoni, na asitoe neno mpaka jua linazama. Msemaji wa nyumba alikuwa mume.

Kilichomfungua mdomo ni macho ya huyo mume.

Ilianza na milango. Fundi akawa anajigonga bega kwenye fremu za nyumba aliyoijenga mwenyewe. Vikafuata vikombe: ukimwekea chai mbele anaiona, ukimwekea pembeni anaimwaga. Mke akamshika mkono mpaka kliniki. Daktari akamwangalia na kimashine chake, akasema hii ni presha ya macho, imeshakula pembeni kote, na kilicholiwa hakirudi. Akampa dawa ya matone. Akamwambia pia asiguse usukani tena. Matone Fundi aliyabeba. Lile neno la pili aliliacha pale pale juu ya kiti cha daktari.

"Unaonaje, lakini?" mke akamwuliza walipotoka nje.

"Mbele naona safi. Ni kama nachungulia kwenye tundu la kitasa." Akacheka, kicheko cha kuazima. "Maisha yangu yote nimewafungulia watu vitasa, Mama Watoto. Leo kimoja kimenifungia mimi."

Kazini hakuna aliyeshtuka. Ufunguo unachongwa kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa na akili kuliko vichwa vya watu wengi, na wewe msomaji sikutoi. Shida ilikuwa gari. Nyumba iko huku pembeni, kibanda chake cha funguo kiko mjini, na mashine ya kuchongea, nzito kama dhambi, lazima irudi nyumbani kila jioni kwa kuogopa wezi. Gari lenyewe waliliita Bibi Harusi, kwa kuwa lilikuwa jeupe na kila asubuhi lilitaka kubembelezwa ndipo litoke. Majirani watatu walipanda humo na kuchangia mafuta. Bibi Harusi akisimama, kibanda kimefungwa. Kibanda kikifungwa, watoto wanarudishwa kutoka shule kwa kukosa ada, wanahesabu mbuzi wa jirani.

"Basi nifundishe mimi niendeshe," mke akasema.

"Wewe? Na mimi nikae kushoto nimeshika mkoba wako? Acha utani bwana."

Akaacha. Hapo ndipo panapouma. Angekaza siku ile, nisingekuwa na cha kukusimulia, na ingekuwa heri. Badala ya kukaza, yule mwanamke kabati akakaa kiti cha mbele, akafungua mdomo.

"Ona huyu wa baiskeli hapa kushoto, kajitanua utadhani barabara kaachiwa na babu yake. Haya, kaingia uchochoroni, akamsumbue mkewe. Mh, na yule mama wa ndoo kulia anataka kuvuka. Anataka. Hataki. Anataka. Ndiyo huyo, kavuka!"

Huku nyuma watu wanavunjika mbavu. Hawakuona mikono ya Fundi. Akisikia "kajitanua," usukani unasogea kidogo kulia. Akisikia "anataka," mguu unakanyaga breki polepole, kama mtu mwenye busara zake.

"Shoga, leo umeamka na betri mpya?" Nesi alikuwa akimtania. Huyo Nesi ni jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mnene wa wodi ya majeruhi.

"Shemeji, mwenye macho haambiwi tazama!" Karani naye akidakia. Karani ni kijana wa ofisi, shati limenyooka, ulimi haujanyooka. Ndiye aliyembandika jina la Redio.

Mama wa watu alicheka kuwashinda wote, huku moyoni anajua ni nani asiye na macho na ni nani anayeambiwa. Abiria wa tatu, Mzee wa Mapazia, hakuwa na neno. Alipanda na mzigo wake wa vitambaa, anausimamisha mapajani mpaka dari, anasinzia nyuma yake.

Wakifika mjini, Redio taya linamuuma kama katafuna kamba. Kwa dobi aliingia bubu. Wenzake wa pale mpaka leo hawaamini ukiwaambia mtaani kwao anaitwa Redio. Na jioni, akishamaliza kumrudisha mumewe kwa mdomo, hana neno lililobaki kwa watoto. Binti yake wa pili akamwambia siku moja, "Mama, ukiwa na wageni unaongea. Ukiwa na sisi umezima."

Wakaishi hivyo mpaka ile barabara kubwa ilipofungwa ichimbwe upya. Ikabidi njia ipangwe. Jumapili mchana abiria wote wakajaa sebuleni kwa Fundi, chai ikamiminwa, na Karani akageuza meza kuwa ramani. Bakuli la sukari ndiyo mtaa wetu. Kiberiti ndiyo mji.

"Tunapita sokoni," akasema, akisukuma kijiko. "Tunatokea kwenye mzunguko, tumeingia mjini. Mkato huo."

Redio akamwona mumewe anavyomeza mate. Sokoni! Watu kulia, watu kushoto, mbuzi, pikipiki, watoto. Hata mdomo wa malaika usingetosha kuyataja yote.

"Tutapita barabara ya kiwandani," Fundi akasema.

"Fundi! Huko ni kuzunguka dunia!"

"Ina mashimo lakini haina foleni. Gari ni langu, na mzunguko sizunguki."

Sababu walikuwa nayo yeye na mkewe peke yao. Jumamosi, siku moja kabla, walikwenda kuipima barabara hiyo kwa miguu. Upande wa kushoto ukuta mrefu wa kiwanda, haukatiki mwanzo mpaka mwisho. Upande wa kulia tuta la reli. Hakuna uchochoro, hakuna duka, hakuna wa kutokea ubavuni. Barabara nyembamba iliyonyooka, kama tundu la kitasa. Ilikuwa kama imejengwa kwa ajili ya macho yake.

Karani akabisha, akachoka, akaanza biashara. "Sawa. Tupite huko kwako. Ila na sisi tupate chetu. Kiti cha mbele kiwe kwa zamu. Dada Nesi miguu inamvimba kwa kusimama wodini, huku nyuma anakunjwa kama shuka. Redio mwenye miguu ya korongo anakaa mbele miaka yote kwa nini? Kapigiwa kura?"

"Hapo umenena," Nesi akasema, akijisugua goti. "Shoga, si utanipisha?"

Sebule ikamgeukia. Fundi naye akageuza shingo akamtafuta, akampata, akamtazama kwa kile kitundu chake. Ilikuwa aseme sasa. Neno moja tu: haoni. Na neno hilo likitoka halirudi, linakwenda na gari, na kibanda, na sare za shule. Redio, aliyekuwa na neno kwa kila ndoo iliyopita barabarani, siku ile akakosa neno.

"Kaa tu, shoga," akasema. "Miguu ni yako."

Wiki ya kwanza zamu ilikuwa bado yake. Akaona mafundi wanauvunja ukuta wa kiwanda katikati, nyundo na vumbi. Akamwambia mumewe wakiwa wanakula. "Wanatoboa ukuta. Wanaweka mlango wa kutolea vyuma chakavu."

Fundi akamega tonge jingine. "Tukibadilisha njia watauliza kwa nini."

"Na tusipobadilisha?"

"Utakuwa unatazama wewe."

"Jumatatu nakaa nyuma, Baba Watoto."

"Basi tazama kutoka nyuma! Macho yako si mazima?"

Funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo, huyu mwanaharamu alikuwa na mkokoteni.

Jumatatu Nesi akajimwaga kiti cha mbele, akanyoosha miguu, akashukuru Mungu kwa sauti. Redio akabanwa nyuma katikati, kulia kwake Karani, kushoto kwake lile furushi la mapazia limeziba dirisha lote. Akanyoosha shingo kati ya viti. Akaanza kutangaza hata pasipo na kitu.

"Shimo hilo. Mbwa huyo, hapana, mfuko. Shimo jingine."

"Jamani, leo Redio iko nyuma lakini mawimbi yanafika," Karani akasema. Nesi akacheka mpaka kiti kikalia. Walipokaribia penye tundu la ukuta, Redio akanyanyua makalio kabisa kitini.

"Hapo kuna mlango. Punguza, Baba Watoto. Mlango kushoto."

"Mlango kushoto," Karani akamwigiza, sauti nyembamba ileile. "Dirisha kulia. Choo nyuma."

Gari zima likapasuka kwa kicheko. Ndani ya kicheko hicho Redio aliona ncha ya mkokoteni.

"Mkokoteni! Kushoto! Mkokoteni!"

"Mkokoteni, mkokoteni," Karani akaimba.

Fundi aligeuza shingo kushoto, akautafuta. Kitundu chake kikapita juu ya ukuta, kikapita juu ya kichwa cha mtu, na alipogonga vyuma vya mkokoteni, Bibi Harusi alilia kama kitu chenye roho.

Nesi alikuwa wa kwanza kushuka, miguu ikiwa imevimba hivyo hivyo. Msukuma mkokoteni alikuwa chini, mguu umebaki kati ya bampa na vyuma vyake. Nesi akapiga kelele apewe kitambaa, na Mzee wa Mapazia akachana pazia jipya jekundu. Lilivyofungwa pale, hukujua rangi ipi ni ya dukani.

Redio alipiga magoti kichwani kwa yule mtu. Alikuwa na ndevu zenye mvi na vumbi la kutu. Hakutukana. Alikuwa anashangaa tu.

"Mama," akasema, "dereva aliniona. Alinigeukia, akanitazama kabisa. Nikajua kanipisha."

Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari. Nesi akainuka, damu mpaka kwenye viwiko, akamwendea. Akainua mkono wake pembeni mwa uso wa Fundi, akachezesha vidole.

"Fundi. Mkono wangu uko wapi?"

"Mkono upi?"

Nesi akaushusha. Pikapu ya kiwanda ikaletwa, majeruhi akapakiwa, na Nesi akipanda naye akamgeukia Redio. "Ungeniambia, shoga. Ningekaa nyuma na miguu yangu mpaka ioze." Pikapu ikaondoka.

Askari alipofika, Karani alikuwa tayari. Alikuwa na huruma, kijana wa watu, na huruma ndiyo iliyomponza. "Afande, jamaa alichomoka kama mshale. Ukuta huu haujawahi kuwa na njia. Fundi anaendesha kama bibi kizee, muulize yeyote. Sisi ni mashahidi."

Mzee wa Mapazia akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo mwenye mkokoteni ndiye aliyeingia barabarani bila kutazama," askari akasema. "Na wewe mama, uliona nini?"

Fundi akageuza shingo kumtafuta mkewe. Alikuwa amesimama upande asikoweza kumfikia, na safari hii hakusogea ili aonekane.

"Mume wangu haoni pembeni," Redio akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namwonea. Yule mtu hana kosa."

Askari akafungua daftari, akaandika.

Kesi ikaenda ilivyokwenda. Leseni ikachukuliwa, Bibi Harusi akauzwa, na pesa zilizopatikana zikamfuata msukuma mkokoteni, ambaye mguu wake mmoja ulibaki hospitali na yeye akarudi kwao na magongo. Kibanda cha mjini kina mwenyewe mwingine. Binti mkubwa kaacha shule, anapiga pasi pamoja na mama yake. Mtaani hawamwiti Redio tena. Wanamwita yule aliyemuuza mumewe.

Mumewe hasemi naye. Chakula anakipokea kupitia mtoto.

Lakini siku za kliniki lazima atoke, na hakuna mwingine wa kwenda naye. Yeye anatangulia, kidevu juu, mkono umekataa kushikwa. Mke anamfuata nyuma kidogo, kimya kama alivyoolewa, isipokuwa pale inapobidi.

"Ngazi."

Fundi hajibu. Ila mguu unasikia, unanyanyuka.

"Mtaro, kulia."

Mguu unasogea kushoto.