Ilipohama Nyumba ya Bi Munira

Danson Wafula wa Kitale alifika Riyadh mwaka 2014 akitarajia kazi ya udereva. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Abu Sami, badala yake akampeleka kufanya kazi katika shamba la mitende kusini mwa mji. Huko kulikuwa na nyumba ya mbao aliyojengewa Bi Munira, mama yake Abu Sami, alipoolewa kutoka Jeddah. Sasa maji ya mfereji yalikuwa yameula msingi, na nyumba imeinama kama mlevi.

Abu Sami alitaka kuibomoa. Mama akagoma.

"Nikifa, ivunjeni. Ningali hai, haiguswi!"

Danson, aliyekuwa akipakia tende, alishindwa kunyamaza. "Baba, tuihamishe. Kwetu mtu akihama, majirani huibeba nyumba yake mabegani."

Abu Sami alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamwita fundi Mmisri, Ustadhi Nabil, aliyezigonga nguzo moja moja na kuridhika. Walijenga msingi mpya juu kwenye mwinuko. Nabil akataka amri zitoke kwa mtu mmoja, akamchagua Danson, maana sauti yake ilifika mbali.

Siku ilipofika, Bi Munira alikataa kutoka. Alijikalia ndani na tasbihi yake.

"Yalla, pandisha!" Danson alinguruma. Jeki zikaiinua nyumba, mihimili ya chuma ikapita chini yake, na trekta ikaanza kuivuta polepole juu ya mabomba yaliyobiringika.

Katikati ya njia pembe moja ikazama mchangani. Mbao zikalia. Vibarua wakaruka nyuma, na Danson mwenyewe akarudi hatua moja. Lakini kulikuwa na mtu mle ndani.

"Trekta, simama! Rudini kwenye jeki! Pandisha hii pembe!"

Walirudi. Pembe ilipoinuka, Danson alipiga magoti akashindilia kabari kwa nyundo mpaka nyumba ikatulia.

"Mbona mmesimama?" Bi Munira aliuliza dirishani. Wanaume wakaangua kicheko, wakaendelea.

Alasiri nyumba ilikaa juu ya msingi mpya, imenyooka wima. "Halas, imekwisha," alisema Danson, sauti imemkauka. Bi Munira akafungua mlango, akamwita ndani na mchanga wake mwilini, akamkalisha kwenye takia la wageni na kummiminia kahawa kwa mkono wake, wanawe wakitazama.

Jioni Danson alimpigia simu mkewe, Priscilla.

"Leo tumehamisha nyumba."

"Nyumba nzima?"

"Nzima," alisema Danson, akijikuta amesimama wima kama askari wa gwaride. "Na mwenyewe akiwa ndani."