Niliulizwa kama naamini polisi, na mjomba wa mshtakiwa ameketi hapo hapo

Wakuu, salamu. Hii sijatunga, imenipata mimi mwenyewe hapa Mikinduri na mpaka leo siketi nikatulia.

Niko na bucha sokoni. Mwezi uliopita niliona kijana akimpiga Mama Kinya, jirani yangu wa kuuza ndizi, mpaka akamvunja mkono.

Nikaenda kituoni nikaandikisha statement. Kijana akashikwa, sasa yuko nje kwa bond, dhamana ya korti. Mbali na mama mwenyewe, shahidi ni mimi peke yangu. Nikinyamaza, kesi ya mama imekufa.

Wiki jana akaja dada wa research kutoka Embu, mpole kweli. Anauliza wananchi kama wana imani na polisi na korti.

Mnajua huku mgeni haingii hivi hivi. Anaripoti kwa chifu, anapewa mzee wa mtaa wa kumzungusha. Na mzee aliyepewa ni nani? Mjomba wa huyo kijana! Woi.

Akaketi kwa stuli yangu, akaitisha chai.

"Majibu yako ni siri," dada akaniambia.

Siri gani na mzee yuko hapo? Karibu nicheke.

Maswali ya kwanza nikajibu haraka haraka. Polisi wazuri, korti nzuri. Uongo mtupu, lakini mngekuwa mimi mngesemaje?

Halafu akauliza, "Ukiona uhalifu, uko tayari kutoa ushahidi?"

Mzee akaacha kunywa chai. Wakuu, niliogopa. Niko na watoto, na soko ni hili hili.

Lakini ng'ambo namwona Mama Kinya akipanga ndizi kwa mkono mmoja. Nikashikwa na hasira.

"Niko tayari," nikasema. "Na Alhamisi niko kortini."

Dada akaandika, akaenda swali lingine. Maskini, hajui amewasha nini.

Alhamisi tukaenda na Mama Kinya. Prosecutor akasimama, akasema faili haijaletwa kutoka kituoni. Kesi ikasukumwa mbele. Basi, hivyo tu.

Tukitoka nje, yule mzee naye yuko hapo, akanipa mkono, hata akatabasamu. "Juma, si ungebaki tu ukauza nyama."

Nilichojifunza: ukitaka ukweli wa mtu, muulize akiwa peke yake. Na huyo dada akirudi, yale majibu yangu ya kwanza ayafute yote.

Mama Kinya ameniuliza kama tutarudi pamoja siku hiyo ingine. Nimemwambia ndiyo. Tangu hapo kila mteja akiingia, naangalia mikono yake kwanza, kama ameshika silaha.

Wewe ungerudi? Andika hapo chini, lakini usinidanganye.