Dakika Kumi za Kocha

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni, ghorofa ya pili juu ya duka la betri za magari, hajawahi kuonekana akicheka akiwa kazini, na ndiye anayesimamia michezo. Wanafunzi wake, watu wazima kumi na wanne, wanamwita Kocha. Anadai hajui jina hilo lilitoka wapi, ingawa kila somo hulianza akiwa amesimama katikati ya chumba, mpira wa soksi mkononi na saa ya kupimia mbio shingoni.

Dakika kumi za mwanzo ni za kupasha moto. Wanamichezo hupasha misuli. Kocha hupasha ndimi. Mwenye mpira anauliza swali kwa Kiingereza na kumrushia mwenzake. Aliyedaka anajibu, kisha naye anauliza na kurusha. Siku nyingine mtu anaigiza kazi yake bila kusema neno na wengine wanabashiri, au anataja mambo matatu kujihusu, moja likiwa la uongo, na darasa linautafuta uongo. Michezo yote, mia moja na kumi na miwili, ameiandika kwenye daftari lenye jalada gumu, kila mmoja na muda wake kwa sekunde.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, anasema hakuna mchezo ulioingia humo kabla ya kujaribiwa mezani kwao asubuhi. "Watoto hapa hawanywi chai mpaka wabashiri baba yao ni mnyama gani," anasema. "Na awe twiga, awe ng'ombe, uso ni ule ule."

Uzito huo una chanzo. Akiwa na miaka ishirini na minne alikwenda kwenye usaili wa kazi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Cheti chake cha Kiingereza hakikuwa na doa. Msaili akamuuliza kwa Kiingereza safari ya asubuhi ilikuwaje. Kijana alilijua jibu. Akalipanga kichwani, akalisahihisha, akalipanga upya, na alipokuwa tayari kufungua mdomo, msaili alikuwa anamwita anayefuata. Tangu hapo anaamini kwamba lugha isiyotoka haraka haipo.

Ndiyo maana barua ya karani ilimkosesha usingizi. Karani huyu, mstaafu wa mahakama, hukaa kiti cha mbele na havui koti lake. Alimwandikia mkuu wa kituo kurasa mbili zenye aya zilizotiwa namba, akieleza kwamba alijiandikisha kujifunza lugha, si kudaka soksi. Mkuu, mama aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, hakumgombeza Kocha. Alimwambia tu kwamba Jumatano atakaa nyuma ya darasa. Dakika ya kumi ikifika naye hajaiona faida, muda huo utarudi kwenye mazoezi ya kitabu, kwa madarasa yote.

Kocha alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa mchezo wake wa mpira ulikuwa na ugonjwa aliokuwa akiuficha. Ugonjwa wenyewe ni adabu.

Darasani kuna fundi wa friji na kuna mshonaji wa nguo, na mshonaji ndiye mama mkwe wa fundi. Kila mmoja alijiandikisha bila kumwambia mwenzake, wakakutana mlangoni siku ya kwanza, wakakosa pa kurudi. Fundi hawezi kumrushia kitu mama aliyemzaa mkewe, hata kama kitu chenyewe ni soksi. Darasa likamfuata. Miezi miwili ikapita mpira haujamfikia yule mama. Kwa wakubwa wengine hali ilikuwa nafuu kidogo. Mtu aliinuka, akavuka chumba, akakabidhi mpira kwa mikono miwili, akaamkia, akauliza hali ya nyumbani, ndipo akakumbuka Kiingereza. Kocha alipima: sekunde arobaini kwa kila mkubwa. Aliwaeleza kwamba mpira uliokabidhiwa haujarushwa. Wote wakakubaliana naye, wakaendelea kukabidhi.

Jumatano mkuu aliketi nyuma, mkoba mapajani. Kocha akabonyeza saa.

Mgeni wa cheo hicho alizidisha maradhi. Mwenye mpira wa kwanza, mlinzi wa benki, aliupeleka moja kwa moja kwa mkuu, kwa mikono miwili. Mkuu akaupokea, akamshukuru, akamrudishia. Dakika ya nne ilifika yakiwa yameulizwa maswali mawili. Kocha aliitazama saa yake kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

Kisha mpira ukaangukia kwa fundi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mbele yake alikuwa amekaa mama mkwe.

"Mkwe wangu," mshonaji akasema, "miezi miwili unanikwepa kama shimo la barabarani. Nirushie huo mpira."

"Mama, mkono hautaki."

"Sikuja hapa kuheshimiwa. Heshima ninayo ya kutosha nyumbani. Nimekuja kusema Kiingereza."

Fundi akafumba macho na kurusha. Mpira ulimpiga mama begani. Mama akauokota, akaukagua mshono kwanza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaaluma. Halafu, bila kuinuka, akautupa ukatua kifuani kwa karani, na kwa Kiingereza cha polepole akamuuliza kwa nini anaandika barua ilhali ana mdomo.

Karani akasimama, akafunga vifungo vya koti, akajibu kwa Kiingereza kwamba barua hubaki na maneno hupotea. Mama, ambaye sasa hakuwa na mpira wala haja nao, akasema maneno yake yeye hayapotei, wateja wake ni mashahidi. Karani akasema yeye ni mteja wake, na kwa kuliamini neno lake alisubiri suruali wiki tatu. Hapo fundi, bila kuulizwa na mtu, akatoa ushahidi kwa Kiingereza kwamba zipu zilikuwa zimeadimika madukani. Mlinzi akataka kujua kama suruali ilimkaa vizuri. Vitenzi viliumia vibaya, na hakuna aliyesimama kuviuguza.

Dakika ya kumi Kocha aliinua mkono na kugeukia ubao, alikokuwa ameandika somo la siku kwa rangi tatu.

"Mwalimu, kaa kwanza," mkuu akasema kutoka nyuma. "Suruali haijaisha."

Iliisha dakika ya ishirini na sita, karani akikiri kwamba ilimkaa vizuri. Somo la rangi tatu halikufundishwa.

Nje, kwenye ngazi, mkuu alimpa uamuzi: muda wa kupasha moto unabaki, na kwa madarasa yote utakuwa dakika kumi na tano. Kocha alipinga. Michezo imepimwa kwa kumi, alisema, na tano za ziada zitakula mazoezi ya kitabu.

"Si wewe uliyekuwa unaitetea hii michezo?"

"Nilitetea kumi, Mkuu."

Mkuu akaanza kushuka, naye Kocha akamfuata akimweleza hesabu. Walipofika ngazi ya mwisho alikuwa amemshusha hadi kumi na mbili na nusu.