Kondoo Asiye na Sweta

Kwetu Meru, mahari bila kondoo jike haivuki lango. Jumamosi wakwe wa dada yangu walipanda kutoka Mbeere na mnyama mwekundu asiye na sufu. Nyanya alimpapasa mgongo, akakunja mikono.

"Huyu ni mbuzi. Rudini naye."

Dada akaanza kulia.

"Ni kondoo, mama," mjomba wa bwana harusi akasihi. "Kwetu ni joto, avae sweta ya nini?"

Mvua ikashuka ghafla. Mbuzi wetu wakakimbilia barazani wakipiga kelele. Yule mwekundu akabaki uani, anatafuna nyasi.

Nyanya akacheka akishika mbavu. "Mbuzi gani huvumilia mvua? Ingieni!"

Niliacha shule kabla ya kufundishwa jamii za wanyama. Lakini hili nimelielewa: dada anahamia kwenye joto hilo. Sweta atavua, na bado atakuwa wetu.