Siku Niliyoziba Pua ya Ekipe

Keti hapo kwa kivuli, weka hiyo simu mfukoni, unisikize. Hii si stori ya kusikia ukitembea.

Nilipokuwa mtoto, kama miaka kumi hivi, kijiji chetu kilikuwa na silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua. Sisi ni watu wa barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, mahali mvua ikinyesha siku mbili mfululizo watu wanaanza kusameheana. Watu wa mradi walikuja na trekta, wakasukuma udongo mpaka ukawa ukuta, maji ya mvua ikajaa nyuma yake, na chini ya ukuta wakatugawia vishamba vya kumwagilia. Bibi yangu, kwetu tunasema Ata, alipata kimoja. Ata alikuwa mwanamke wa mbuzi maisha yake yote. Sasa ghafla ako na mtama, ako na kunde, na ako na matikiti matatu ambayo kila asubuhi alikuwa anayajulia hali kabla hajanijulia mimi.

Trekta ikaenda. Mwaka haukuisha, ekipe akawa amehamia.

Ekipe ni pepo la majini, kila mtoto wa kwetu anamjua kabla hajajua a-e-i-o-u. Usiniulize alitoka wapi. Hiyo silanga ilikuwa changa kuliko mimi, lakini watu walimwongelea kama mtu aliyezaliwa hapo.

Chini ya ukuta, upande wa mashamba, palikuwa na mahali panalia maji. Tundu la kidole kimoja tu, na maji ikitoka inafanya povu, inanyamaza, inafanya povu tena. Watu wakasema hiyo ni pua yake. Akina mama wakipita wanamwachia tumbaku kidogo. Mlinzi wa silanga, mzee Ekal, yule aliyevaa funguo ya mfereji shingoni kama askofu, akatangaza hakuna mtu kugusa hapo, hata kwa kijiti.

Ata naye alinionya akiwa anapalilia. "Nakiru, ukimziba pua atatafuta mlango mwingine. Na hatatoka peke yake."

"Na nikimwacha?"

"Ukimwacha atapumua. Kwani wewe hupumui?"

Mimi nilikuwa nalisha mbuzi zetu karibu na ukuta kila siku, kwa hivyo hiyo pua nilikuwa naijua kuliko wote. Mwanzo ilikuwa inaingia kidole kimoja. Baada ya mvua ya pili, vidole viwili. Mtama wa Ata ulipoanza kutoa vichwa, ngumi yangu ilikuwa inaingia karibu nzima. Ndiyo, niliingiza. Na maji, ambayo zamani ilikuwa safi mpaka unaweza kunywa, ilikuwa imeanza kutoka rangi ya chai ya maziwa.

Nikamwendea Ekal. "Mzee, pua imekuwa kubwa."

"Kila mtu akikua pua inakuwa kubwa. Nenda kwa mbuzi."

"Na maji imekuwa chafu."

"Ana mafua," akasema, na akacheka mpaka akakohoa, na wenzake wakacheka pia.

Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Mama Furaha. Huyo alikuwa Mkongomani wa kule kambi ya wakimbizi Kakuma, alikuwa anakuja kwetu kununua majani ya kunde. Nilimvuta mkono nikamwonyesha. Aliinama, akachota ile maji kwa kiganja, akaisugua na vidole.

"Ee mtoto, hii maji iko natoka na udongo. Iko nakula ukuta kwa ndani. Siku itamaliza kukula, ukuta itaanguka."

Aliendelea kuongea, lakini mimi nilikuwa nishakimbia. Hiyo ndiyo shida yangu mpaka leo. Nikipata nusu ya neno, miguu inaondoka na hiyo nusu.

Mchana huo, jua limesimama, watu wamelala kivulini, nilivunja kichuguu nikajaza udongo wake kwa gunia. Hakuna udongo mgumu kuliko huo, mchwa wenyewe wameukanda. Nikaondoa tumbaku ya akina mama. Nikashindilia udongo ndani ya pua, gunia juu yake, halafu nikakanyaga kwa kisigino mpaka ikanyamaza. Niliogopa? Niliogopa sana. Nilikuwa nangoja mkono utoke unishike mguu. Hakuna mkono ulitoka. Nikamwambia, "Haya, pumua sasa," nikarudi kwa mbuzi nikitembea kama chifu.

Siku mbili chini ya ukuta palikuwa pakavu kabisa. Nilikuwa nimeokoa mtama wa Ata, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na ekipe.

Siku ya tatu asubuhi, hatua kama nne kutoka mahali nilipoziba, ukuta ulikuwa umefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nilipiga kelele. Watu walitoka mbio kutoka mashambani, na hiyo ni bahati, kwa sababu shavu lilipasuka. Maji ilitoka yote. Shamba la Ata ndilo lilikuwa la kwanza. Mtama ulilala chini kama nywele zimechanwa upande mmoja. Tikiti moja niliona linaenda na maji, mbio, kama lina safari yake.

Ata alisimama na jembe mkononi. Hakulia. Alisema tu, "Si nilikuambia."

Wazee walichinja mbuzi wakasoma matumbo, vile wanasoma kujua vita inatoka wapi. Ekal akainua utumbo, akasema unaonyesha mkono mdogo. Mimi nikasema kwa sauti, "Hiyo si lazima utumbo. Alama za vidole vyangu bado ziko kwa udongo pale." Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa.

Wakaniita hapo hapo kwa ukuta uliovunjika, tukiwa tumesimama kwa tope, Ata pembeni. Mambo yenyewe yalikuwa rahisi. Silanga itarudishiwa ukuta, vishamba vitagawanywa upya. Mimi nipakwe tope kwa paji la uso, niseme nimemkosea ekipe, niombe anisamehe. Basi. Nikisema, Ata anarudishiwa shamba lake. Nikikataa, hakuna shamba, kwa sababu hawawezi kumwagilia pamoja na nyumba ambayo ina ugomvi na maji.

"Sema, mtoto," Ekal akaniambia, na siwezi kudanganya, alisema kwa upole. "Ni neno moja tu."

"Nimekosea ukuta," nikasema. "Ekipe sijamkosea. Nyinyi mlimpelekea tumbaku wakati ukuta unaliwa. Niliwaambia. Mkasema ana mafua."

"Nakiru."

"Ukuta nimekosea. Mnipake hiyo tope ya ukuta."

Hawakunipaka. Ekal alimwangalia Ata, angalau yeye anilazimishe. Ata aliangalia mlima. Shamba likapewa watu wengine siku hiyo hiyo.

Mama Furaha alipokuja tena akasikia, alishika kichwa. "Lakini nilikuambia usizibe! Ulikimbia! Unaweka mchanga, juu yake changarawe, juu yake mawe. Maji inapita, udongo inabaki." Nikaenda moja kwa moja kumwambia Ekal. Alinifukuza na fimbo.

Jioni nikamwambia Ata. Alitafuna tumbaku yake pole pole, asubuhi akajifunga shuka akaenda kwa Ekal mwenyewe. Akamwambia ameota. Ekipe anataka kiti chini ya ukuta mpya. Mchanga kwanza, halafu changarawe, mawe juu. Na asizibwe. Siku nne watu walibeba mawe na mchanga kutoka laga, ule mto mkavu, Ekal akiwa mbele kabisa, jasho linamtoka, mpaka ukuta mpya ukainuka.

Mimi nilikasirika mpaka nikakataa kula. "Ata, umewadanganya! Hukuota kitu."

"Ukuta umesimama?"

"Umesimama."

"Basi nenda ulete mbuzi."

Umesimama mpaka leo. Mimi sasa ni mtu mzima. Shule niliacha darasa la saba, natengeneza simu hapa Kakuma, na nikienda nyumbani naona mtama wa watu wengine umesimama pale Ata alikuwa anaongea na matikiti. Yeye alirudi kwa mbuzi zake. Kila msimu alikuwa anaenda kuomba majani ya kunde kwa mashamba ya majirani, anasalimia "ejok" kwanza, anangoja apewe, hata kama ni yule aliyepewa shamba lake. Hakuna siku alinilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Nimefikiria sana. Najua Ata alikuwa sawa juu ya kuziba, hata kama hakujua sababu. Najua alipata kwa ndoto ya uongo kile mimi sikupata kwa ukweli. Watu wananiambia mdomo wangu ndio ulimnyang'anya bibi yangu shamba, na ni kweli. Lakini wakinisimamisha tena kwa hiyo tope leo, waniambie niombe msamaha kwa kitu ambacho sikukosea, nahisi bado nitasema ukuta.

Sasa wewe niambie, na usiwe na haraka. Bibi yako amesimama hapo pembeni na jembe lake, wanangoja neno moja tu kutoka kwako. Ungesema?